Nyumba Yetu, Ardhi Yao

Kuna jibu ambalo kila mpangaji nchini Kenya amewahi kulisikia. Unalalamika kwamba mfereji umekauka wiki mbili, kodi imepandishwa bila notisi, au choo cha ploti kimejaa. Unajibiwa: "Si uhame?" Na hilo likishasemwa, mazungumzo yamekwisha. Anayelisema amekwisha kuamua kwamba kosa si la nyumba, ni la wewe unayeng'ang'ania.

Mwaka huu mzima nimekuwa upande wa wanaolisema. Sisi watoto watano tunamwambia mama yetu, kwa heshima zote na kwa maneno marefu zaidi: si uhame? Yeye ana miaka 74. Nasi tuna sababu nzuri. Lakini kila ninapozipanga sababu hizo, naona kwamba swali la "je, wakati wa kuhama umefika?" si swali moja. Ni maswali matatu au manne yaliyovaa kanzu moja, na watu hugombana kwa sababu kila mmoja anajibu lake.

Kwanza nieleze nyumba yenyewe. Ipo Majengo, Mombasa. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, mlango wa mbao, ukumbi unaoikata nyumba katikati tangu mbele hadi nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha ua wenye meko, bafu na choo. Baba aliinunua ikiwa ya udongo na boriti, paa la makuti. Akaitia mabati, akamwaga sakafu ya saruji, akapiga plasta chumba kimoja kimoja kadiri pesa zilivyopatikana. Mama anakaa vyumba viwili. Vinne vilivyobaki vina wapangaji, na kodi yao ndiyo iliyotusomesha na ndiyo inayomlisha hadi leo.

Lakini Baba hakununua ardhi. Wasiotoka Mombasa hulishangaa sana jambo hili. Sheria ya Kiingereza inafundisha kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Kwetu Pwani mambo yalikwenda vingine: mtu anaweza kumiliki kuta, paa, milango na hata kumrithisha mwanawe, huku mchanga ulio chini ya msingi ukiwa wa mtu mwingine. Tunaita nyumba bila ardhi. Unalipa kodi ya ardhi kila mwezi, mwenye nayo anakuachia ukae, na wote wawili mnaishi kana kwamba hali hiyo ni ya milele.

Mizizi yake ni mirefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili ardhi katika ukanda wa Pwani uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Aliyewasilisha madai yake akakubaliwa alipata hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai, au ambayo madai yake yalikataliwa, ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wapo waliojua umuhimu wa karatasi na wapo waliodhani kwamba kuzaliwa mahali na kuzika wazee wako hapo ni ushahidi tosha. Wajukuu wa hao wa pili ndio leo wanaitwa maskwota katika maeneo mengi ya Pwani. Mjini, wenye hati walikodisha viwanja, na watu wa mapato madogo wakajenga nyumba kama yetu.

Mwaka jana mwenye ardhi aliiuza. Mnunuzi anataka kujenga ghorofa. Hakuja na askari wala tingatinga. Alikuja na mwanawe, akavua viatu ukumbini, akanywa kahawa, akataja kiasi cha fedha ambacho yuko tayari kulipa kwa ajili ya nyumba ili mama apishe. Alisema hana haraka. Kisha wakili wake akaandika barua iliyokuwa na haraka.

Hapo ndipo watoto tulipoanza kusema kwa sauti moja. Barabara ya mtaa imeinuliwa mara kadhaa na nyumba imebaki chini, kwa hivyo mvua ya masika ikinyesha maji huingia ukumbini. Choo kiko uani, na mtu wa miaka 74 anakiendea usiku kwa tochi. Maji ni ya kununua kwa mtungi kutoka mkokoteni. Tumepata nyumba ya vyumba viwili upande wa Bamburi, ghorofa ya tatu, safi, maji ndani, choo ndani, mlinzi getini. Fedha za mnunuzi zingelipia sehemu kubwa na sisi tungemalizia. Kila hoja ni kweli. Sioni hata moja ya kuikanusha.

Mama hakanushi pia. Yeye hujibu kwa njia nyingine. Aliniambia siku moja, akichambua mchele: "Mwanangu, hapa n'kifa usiku, alfajiri washajua. Dirisha langu lisipofunguliwa, watu wauliza. Huko kwenu ghorofani n'takaa siku tatu."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko hoja zote za choo na maji. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi tunaotaka ahame tumeziona ila za nyumba ya Majengo kwa sababu tulilala humo tangu utotoni. Ila za nyumba ya Bamburi hatuzijui kwa sababu hakuna aliyelala humo. Tunalinganisha maisha halisi na picha ya maisha. Picha haivuji.

Lakini hoja hiyo nayo isituteke. Tukiifuata hadi mwisho, hakuna mtu angehama kamwe. Kuna methali nyingine ambayo wazee wa mtaa humrushia mama kwa kumuunga mkono: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli. Ila mbacha nao huchakaa hadi ukawa si mkeka tena, na anayeendelea kulala juu yake hali mkeka, analala sakafuni. Methali inakuonya usidanganywe na kipya. Haikuambii kwamba cha zamani hakina mwisho.

Basi tunajuaje? Wanafalsafa wamewahi kuligusa swali hili, ingawa wao walikuwa wakizungumza juu ya nchi. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates alikuwa gerezani Athens akisubiri kunywa sumu. Rafiki yake Crito alimjia na mpango wa kumtorosha. Socrates, aliyekuwa na miaka kama 70, alikataa. Katika maandishi ya Plato, anazipa sheria za mji sauti, nazo zinamwambia: umeishi hapa miaka yote hii, ulikuwa huru kuchukua mali yako uende mji mwingine, hukwenda. Kukaa kwako ni mkataba. Yaani kila siku uliyoamka hapa ulitia sahihi upya.

Ukimsoma Socrates ukiwa umekaa barazani Majengo, unaona mara moja jinsi hoja hiyo inavyoweza kugeuzwa fimbo. Ni ile ile "si uhame?" kwa lugha ya heshima. Kama hukuhama, basi ulikubali. Ulikubali maji ya mtungi, ulikubali kujenga juu ya ardhi ya mtu, ulikubali kwamba siku moja atakuambia toka. Mbona sasa walia?

Aliyeijibu hoja hiyo vizuri zaidi ni Mskoti David Hume, mwaka 1748. Aliuliza: tunaweza kweli kusema kwamba maskini au fundi ana uhuru wa kuondoka katika nchi yake, wakati hajui lugha ya kwingine wala desturi zake, na anaishi siku kwa siku kwa ujira mdogo anaoupata? Alisema kudai hivyo ni sawa na kudai kwamba mtu aliyebebwa akaingizwa merikebuni akiwa usingizini, kisha akaamka katikati ya bahari, amekubali kwa hiari mamlaka ya nahodha kwa sababu tu hajaruka majini.

Mfano huo hauhitaji kutafsiriwa kwa watu wa kisiwa. Wapangaji wengi nchini hawajakubali hali ya nyumba zao. Wamezuiwa kuruka na dipoziti ya miezi miwili, na shule ya mtoto iliyo hatua chache kutoka mlangoni, na muuza duka anayewaandika kwenye daftari mwisho wa mwezi ukiwa mbali. Kukaa kwao si sahihi. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ninayoifikia ni hii: kukaa kwa mtu mahali pabaya hakuthibitishi kwamba panamfaa, na hakumwondolei mwenye nyumba deni lake.

Kuna upande mwingine wa swali, ambao Kenya iliujadili hadharani kuliko nchi nyingi. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 20, 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilichukua miezi mitano. Mashahidi waliitwa, akiwemo mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kueleza mila za Wajaluo. Na katikati ya yote hayo likasimama jambo moja: mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, hata nyingi, lakini nyumbani kwake ni pale palipoanzishwa kimila, palipo na wazee wake. Ukoo ulishinda. Otieno alizikwa Nyalgunga Mei 23, 1987.

Hata asiyekubaliana na hukumu ile anaishi ndani ya lugha yake. Ndiyo maana Mkenya akipoteza kazi mjini huambiwa arudi ushago. Mjini ni nyumba, kule ni nyumbani. Kuhama kutoka Umoja hadi Kasarani basi si jambo zito, ni kubadilisha nyumba tu, nyumbani hapajaguswa.

Mama hana kule kwingine. Alizaliwa Majengo. Akiambiwa arudi ushago atavuka barabara. Na yeye si peke yake. Kuna watu wengi, Mombasa, Pumwani, Kibra, ambao mji ndio kwao kwa vizazi vitatu au vinne, lakini nchi inaendelea kuwahesabu kama wageni wa muda. Serikali ikisema "wahame", inadhani kwamba nyuma ya kila mtu kuna shamba na mgomba unaomsubiri. Kwa mtu wa namna hiyo nyumba na nyumbani ni kitu kimoja, na ukimhamisha umegusa vyote viwili.

Hadi hapa nimekuwa nikimtetea mama, na hoja zangu zilikuwa zinaelekea kwenye jibu rahisi: mwacheni akae. Kilichonizuia ni wapangaji.

Kwa miezi mingi ya mazungumzo, watoto watano na mama, kwa simu na ana kwa ana, hakuna aliyewataja isipokuwa kama hesabu. Vyumba vinne, kodi kiasi fulani, itapotea. Kumbe mmoja wao, mama anayekaanga viazi karai barazani kila jioni, amekaa miaka 19. Amelea watoto watatu katika chumba kimoja. Mdogo wake aliolewa kutokea ukumbi ule, na mama ndiye aliyekaa na wageni. Hata tukisema wastani wa kodi yake ulikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, katika miaka 19 ametulipa shilingi 456,000. Mabati yaliyo juu ya kichwa cha mama yalibadilishwa kwa pesa hizo.

Sasa sikiliza hoja tunayomwambia mnunuzi wa ardhi. Tunamwambia: ndiyo, hati ni yako. Lakini sisi tumekaa hapa miaka mingi, tumelipa kila mwezi, tumepafanya pawe mahali. Huwezi kuja na karatasi ukatuhesabu kana kwamba ni magugu ya kufyekwa. Miaka ina haki yake.

Ni hoja nzuri, naiamini. Lakini kila neno lake linaweza kusemwa na mama wa viazi karai akituelekea sisi. Kuta ni zenu. Lakini mimi nimekaa hapa miaka 19, nimelipa kila mwezi, na hili baraza linajulikana mtaa mzima kwa sababu ya karai yangu. Kama miaka ina haki yake ikiwa yetu, mbona isiwe nayo ikiwa yake?

Kaka yangu mkubwa ana jibu. Anasema mpangaji alipata alicholipia. Kila mwezi alitoa kodi, kila mwezi akapata chumba, hesabu imefungwa. Baba alikuwa tofauti, alijenga. Na sheria, anasema, haitudai chochote zaidi ya notisi. Kuhusu sheria sitabishana naye. Hata ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vyetu vimeshapita hapo. Lakini hoja yake ya hesabu kufungwa inatukata wenyewe. Sisi pia tulilipa kodi ya ardhi kila mwezi na kila mwezi tukapata ardhi ya kukalia. Mwenye ardhi naye angeweza kusema hesabu imefungwa. Tukikubali kwamba kodi hununua mwezi mmoja tu na hakuna kinachobaki, basi mnunuzi hatudai, wala hatumdai. Tukikataa, tuna wadai wanne ndani ya nyumba yetu.

Hili ndilo ninalodhani hupotea katika maamuzi mengi ya kuhama. Tunauliza kama nyumba bado inanifaa mimi, kama nina uwezo, kama watoto watapata shule. Ni maswali halali. Lakini nyumba ni fungu la watu wanaotegemeana. Anayehama huchomoa boriti moja, na paa hulalia upande. Kuna muuza maji, kuna jirani mgonjwa aliyekuwa akiletewa uji, kuna mtoto wa mtu aliyefanyia hesabu zake za shule ukumbini kwa sababu kwao hakuna stima. Si kwamba hawa wana kura ya turufu juu ya maisha yako. Mtu akisubiri ruhusa ya wote hatahama milele. Lakini wana haki ya kuhesabiwa kabla ya uamuzi, si kuarifiwa baada yake.

Historia ya Pwani inanipa moyo kidogo hapa. Watu wetu wamewahi kuhama, tena miji mizima. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ulikuwa mji wenye msikiti, ukuta na nyumba za mawe. Uliachwa karne ya 17. Inasemekana maji ya visima yaligeuka chumvi, na ugomvi na Pate ulizidi. Watu walivuka wakakaa Shela, kisiwani Lamu. Ukienda Takwa leo utakuta magofu, mibuyu, na kaburi la mnara. Na watu wa Shela bado huvuka kwenda kuomba dua penye kaburi lile, zaidi ya miaka 300 baada ya wazee wao kuondoka. Wale walijibu swali la "wakati umefika?" kwa ndiyo. Maji yakiwa chumvi, hakuna falsafa. Lakini hawakudhani kwamba kuondoka kunafuta deni.

Kwa hivyo sasa nadhani swali la wakati na swali la namna hayatengani. Kuna uhamaji ambao haujafika wakati wake si kwa sababu nyumba bado ni nzuri, bali kwa sababu bado kuna mtu hajasemeshwa. Na kuna kukaa ambako wakati wake umepita, kwa sababu anayekaa anawatoza wengine gharama ya woga wake. Mama si mwoga. Alipoelewa tunachokihofia, yaani kesi ya miaka mingi mahakamani itakayomkuta kaburini, alisema hivi: "Mimi sikatai kuhama. Nauliza nahama na nani."

Amekataa Bamburi. Amepata vyumba viwili vya chini, mitaa miwili kutoka hapo, vya kupanga. Katika miaka 74 atakuwa mpangaji kwa mara ya kwanza, na dada yangu analia kila akilifikiria hilo. Mimi nilidhani nitalia pia. Lakini dirisha la vyumba hivyo linatazama njia, na wanaopita njia hiyo wanamjua.

Kuhusu fedha za mnunuzi, mama ametaka kila mpangaji apewe kodi ya miezi sita ya kuanzia kwingine, na mama wa viazi karai ya mwaka mzima. Ndugu zangu wawili hawakubali. Wanasema huo ni wema, na wema ni hiari, usigeuzwe kuwa deni. Mimi nasema ni deni, kwa hoja ile ile tuliyompelekea mnunuzi, na kama si deni basi turudishe sehemu ya fedha zake. Hatujaelewana. Tumekubaliana tu kwamba nyumba ni ya mama, na neno la mwisho ni lake.

Notisi inaisha mwezi wa nane. Wapangaji watatu wameshapata vyumba. Wa nne bado anatafuta mahali penye baraza, panapoweza kuwekwa karai bila mtu kumfukuza, na mama amesema hatoki mpaka huyo apate.